Mizani ya Katubuka

Baba yangu, Bitariho, alipima watu.
Si kwa maneno. Kwa kilo.
Ndege ilikuwa ndogo, kiwanja cha changarawe,
na rubani alitaka jumla kabla ya kugeuza pua.
Basi kila abiria alipanda mizani
na kikapu chake, na mtoto wake mgongoni,
na dumu la mawese alilolificha chini ya kitenge
kana kwamba chuma kinaona haya kuchungulia.

Alijua siri za Kigoma kuliko padri.
Alijua mke wa bwana samaki ana mimba
kabla mumewe hajaambiwa: kilo nne tangu Pasaka.
Alijua mhasibu wa wilaya anaugua,
maana kila alipotoka Muhimbili
sanduku lilikuwa lile lile, yeye pungufu.
Hakusema. Aliandika, akapiga muhuri.

Kofia mpya ilipofika, twiga wa shaba kwenye paji,
nilikuwa darasa la pili.
Undugu wa nyumba tatu ulikuwa umevunjika,
kila mmoja kaondoka na sufuria yake.
Mama aliiweka kofia mezani; sisi tukala mkekani.
"Shirika letu," baba alisema,
na lile "letu" akalitamka polepole
kama mtu anayeonja mchuzi.

Jumanne na Ijumaa.
Mwalimu Gwasa alisimamisha hesabu mpaka ngurumo ipite.
Ilishusha chanjo ndani ya barafu, magazeti ya jana,
bwana harusi mmoja mwenye suti ya kukodi.
Ilipaa na migebuka, na wagonjwa.

Hakuna aliyetuambia kwamba mwisho umeanza.
Ijumaa moja tu, kwenye simu ya upepo: kipuri.
Tukalizoea neno hilo kama jina la mjomba.
Kipuri hajafika. Kipuri yuko Ulaya.
Kipuri anadaiwa, kazuiwa bandarini.

Kisha akaja mkubwa mmoja, na maboksi kumi na mawili
na godoro la mkewe.
"Unanipima mimi?"
Abiria wawili wenye tiketi wakashushwa,
mmoja wao na bandeji kichwani.
Baba akafungua daftari, akaandika kwa wino:
*Uzito haujulikani.*
Mwaka ule mstari huo ulijirudia mara kumi na tisa.
Nimehesabu. Daftari ninalo.

Ijumaa ikafa. Jumanne ikaugua.
Zikaja ndege za kukodi, rangi za watu wengine,
halafu hata hizo.
Mshahara ukawa barua, barua ikawa kimya.
Walimwachia funguo.

Kwa miaka sita, kila Jumanne, alivaa kofia,
akafukuza mbuzi kiwanjani, akatundika mfuko wa upepo,
akaandika: *Hakuna ndege. Upepo, kusini-mashariki.*
Mama alisema, angalau upepo haukosi.

Mizani iliuzwa mnadani.
Wajuzi watasema shairi hili halina mizani.
Kweli. Iko sokoni Mwanga, kwa Mama Nyamwiza, inapima dagaa.
Anadai inamwibia nusu kilo.
Baba alikasirika siku mbili:
"Haijawahi kudanganya. Dagaa wake hawajakauka."

Sasa kuna lami. Twiga amepakwa rangi upya mkiani,
na watu hupiga makofi magurudumu yakigusa.
Mwaka jana nilimpeleka Dar kwa ajili ya macho.
Kaunta, baba akavua viatu,
akasimama wima, mikono ubavuni, akisubiri.
Binti alicheka kwa adabu.
"Mzee, siku hizi tunapima mizigo tu. Watu hatuwapimi."

"Ndiyo maana," akasema,
akaokota viatu.

Juu ya ziwa aliniuliza tuko wangapi.
Nikamwambia sijui, labda sabini.
Akageuka kitini, macho yale yenye ukungu,
akaanza kutuhesabu kichwa kwa kichwa,
na kidole kikiandika kwenye kiganja.